KESHO YAKO IKO MIKONONI MWA NANI?

Somo kwa vijana
Soma kwanza: 1 Wafalme 17:1-16



Karatasi hii umepewa mkutanoni, au stendi, au umeiokota tu chini. Huenda ulitaka kuikunja ufungie karanga. Sawa, utafungia, lakini isome kwanza. Ndani yake kuna neno linalohusu maisha yako.

Nina swali moja tu kwako. Kesho yako iko mikononi mwa nani? Sikuulizi dini yako, wala sikuulizi mara ya mwisho ulikanyaga kanisani lini. Nakuuliza habari ya kesho. Ukiamka asubuhi huna kazi, huna ada, huna hata nauli, unamtazama nani?

WATU WANAITAFUTA WAPI KESHO YAO?

Kuna anayeitafuta kwa mganga. Anachanjwa chale, anapewa hirizi afunge kiunoni, anaambiwa alete jogoo mweusi. Jogoo analiwa na mganga, na shida inarudi nyumbani na mwenyewe.

Kuna anayeitafuta kwenye kubeti. Kila Jumamosi anaweka mkeka wa timu kumi na mbili. Timu kumi na moja zinashinda, moja inamchania mkeka. Anasema wiki ijayo nitapata. Wiki ijayo haifiki.

Kuna anayekopa kwenye simu hii ili alipe deni la simu ile. Kuna anayemaliza mawazo kwa gongo na bangi, na asubuhi anakuta mawazo yako palepale yanamsubiri.

Tena kuna waliokwenda kwa watu wanaojiita manabii, wakauziwa chupa ya mafuta na maji, wakaambiwa ukitoa zaidi utapata zaidi. Wametoa mpaka kitanda.

Siwacheki, ndugu yangu. Nisingeweza kuwacheka, kwa maana na mimi nilikuwa huko huko.

HABARI YANGU MWENYEWE

Nilimaliza darasa la saba, sikuchaguliwa. Nikaja mjini kwa mjomba, tukashindwana, nikahamia stendi. Nilikuwa mpiga debe. Usiku nalala kwenye kibanda cha mbao pamoja na wenzangu wanne. Nilikwenda kwa mganga mara mbili kutafuta bahati. Bahati sikuiona, ila deni niliona.

Siku moja kulikuwa na mkutano wa Injili kwenye uwanja wa mpira. Nilikwenda kwa ajili ya muziki, nisikufiche. Lakini Neno lilinikuta, nikaokoka. Bwana Yesu asifiwe!

Sasa usije ukafikiri kwamba baada ya hapo mvua ya pesa ilinyesha. Haikunyesha. Nitakueleza yaliyotokea, lakini kwanza twende kwenye Biblia.

HABARI YA ELIYA

Zamani, katika nchi ya Israeli, alitawala mfalme aitwaye Ahabu. Mke wake Yezebeli alikuwa binti wa mfalme wa Wasidoni, na mungu wao aliitwa Baali. Watu waliamini kwamba Baali ndiye anayeleta mvua. Israeli wakamwacha Mungu wa kweli wakamfuata huyo.

Ndipo Eliya akasimama mbele ya mfalme akamwambia kwamba hakutakuwa na umande wala mvua miaka hiyo. Unaelewa maana yake? Wanasema Baali ni mwenye mvua. Basi tuone kama ataweza kuleta hata tone!

Baada ya maneno hayo Mungu alimficha Eliya kwenye kijito cha Kerithi, upande wa mashariki wa Yordani. Akakaa pale akinywa maji ya kijito. Asubuhi kunguru walimletea mkate na nyama, jioni vilevile. Kisha kijito kikakauka. Mungu akamtuma Sarepta, mji wa Sidoni kando ya bahari, katika nchi ambayo leo ni Lebanoni. Huko alimkuta mjane akiokota kuni. Yule mama alikuwa na konzi moja ya unga na mafuta kidogo. Alitaka kupika chakula cha mwisho, ale na mwanawe, halafu wafe.

Eliya akamwambia ampikie yeye kwanza, kwa sababu Mungu amesema unga hautakwisha wala mafuta hayatapungua mpaka mvua inyeshe. Mama akatii. Wakala siku nyingi.

Tujifunze mambo manne hapa.

1. MUNGU ANAWEZA KUMTUMIA USIYEMTAZAMIA

Wewe unamjua kunguru. Kunguru ni mwizi! Ukiacha andazi dirishani ameondoka nalo. Ukiwa na vifaranga, yeye ndiye adui yako wa kwanza. Tena kwa sheria ya Waisraeli kunguru alikuwa ndege najisi (Walawi 11:15). Lakini Mungu alimwambia huyo huyo mwizi ampelekee Eliya nyama, na nyama ikafika bila kudonolewa njiani.

Pale stendi kulikuwa na mama mmoja muuza uji. Hakuwa wa kanisa letu, wala wa kanisa lolote. Asubuhi nikimpa shikamoo, anaitikia marahaba, halafu ananijazia kikombe. Nikimwambia, "Mama, leo sina," ananijibu, "Kwani nimekuuliza?" Ameninywesha uji namna hiyo miezi mingi. Mimi nilikuwa nikiomba Mungu anitumie msaada kutoka mbinguni, kumbe msaada ninao mkononi na una moto.

Nilipoisoma habari ya Eliya nikajua, huyu mama ndiye kunguru wangu! Ila sikumwambia hivyo, asije akanimwagia uji.

Na wewe hebu fikiri. Ni nani aliyekulipia nauli siku ile? Ni nani aliyekuficha ulipokuwa ukifukuzwa? Uliita bahati. Mimi nakuambia ni Mungu alikuwa anakutunza kabla hujamjua.

2. MUNGU ANAMJALI HATA ALIYE NJE

Angalia tena yule mjane. Sarepta si Israeli. Ni nchi ya kwao Yezebeli, nchi ya Baali. Yule mama anapozungumza na Eliya anamtaja Mungu kuwa ni Mungu wa Eliya (mstari wa 12). Hasemi Mungu wangu. Hajamjua bado.

Lakini Mungu alijua jina la mtaa wake na konzi ya unga iliyobaki ndani ya pipa lake. Wajane walikuwa wengi Israeli siku zile, naye Bwana Yesu mwenyewe aliikumbusha habari hiyo katika Luka 4:25-26, kwamba Eliya hakutumwa kwa hata mmoja wao ila kwa huyu wa nje. Walioisikia wakakasirika, lakini ndiyo kweli.

Kijana, labda unasema, "Mimi Mungu hanihusu, hayo ni ya watu wa kanisani." Shetani ndiye anakudanganya! Mungu hasubiri uvae shati jeupe ndipo ajue umelala njaa.

3. KIJITO KIKIKAUKA, MUNGU HAJAKAUKA

Hapa ndipo wengi wanapoanguka, na mimi nilianguka hapa.

Eliya hakutenda kosa. Alikwenda pale alipoambiwa, akakaa. Lakini kila siku maji yalipungua. Jana yalifika gotini, leo kwenye kifundo cha mguu, kesho matope. Biblia haisemi kwamba alipewa neno jipya wakati maji yanapungua. Neno lilikuja kijito kilipokwisha kukauka.

Mwaka wa pili tangu niokoke, mama yangu mzazi aliugua kijijini. Nilifunga siku saba. Niliomba kwa machozi. Niliwaambia watu wote atapona. Mama akafariki.

Nikarudi kutoka mazishini nina wadogo zangu wawili wa kulisha, na moyo wangu umekuwa jiwe. Miezi mitatu sikwenda kanisani. Nilimwambia Mungu maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Wakati huo ndipo rafiki zangu wawili walinijia. Walisema kuna kazi ya usiku. Kuna stoo ya mtu, wao wataingia, mimi kazi yangu kusimama nje niangalie njia. Nitapata fungu langu. Nikawaza wadogo zangu, nikakubali. Tukapatana tukutane saa nne usiku.

Jioni nilipita kwa mama wa uji. Akanitazama akasema, "Mwanangu, kunywa kwanza. Mungu hajafa." Maneno hayo tu. Hakujua ninakokwenda. Nikakaa kwenye benchi lake na kikombe mkononi, nikashindwa kumeza.

Ndugu msomaji, sikusikia sauti kutoka juu. Sikuona malaika. Nilikumbuka tu kwamba Mungu amekataza wizi, jambo ambalo nililijua tangu mtoto. Nikarudi kibandani nikajifunika. Saa nne ikapita.

Usiku ule mmoja wao alikamatwa na watu. Hakufikishwa polisi. Nilikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza lake. Silisimulii hili ili nijisifu, kwa maana yeye hakuwa mbaya kuliko mimi. Kikombe cha uji ndicho kilichotutenga.

Mama yangu hakurudi. Swali langu kuhusu mama sijajibiwa mpaka leo, nami sitakudanganya kwamba nimejibiwa. Lakini nilijifunza jambo hili. Mungu hakuahidi kwamba kijito hakitakauka. Ameahidi kwamba hatatuacha kikikauka (Waebrania 13:5).

Hata Eliya, baada ya miujiza yote, alifika mahali akakaa chini ya mretemu akaomba afe (1 Wafalme 19). Mungu hakumpiga kwa ajili ya hilo. Alimtuma malaika ampe mkate na maji, akamwacha alale, kisha akamwamsha ale tena. Kama na wewe umefika hapo pa kutamani kufa, usibaki peke yako na wazo hilo. Mwambie mtu leo. Mungu hajakukasirikia. Anajua kwamba umechoka.

4. MUNGU HUTUNZA KWA SIKU, HATUA KWA HATUA

Soma vizuri. Biblia haisemi pipa la mjane lilijaa mpaka juu. Inasema unga haukuisha. Kila asubuhi mama aliingiza mkono, akakuta konzi ya leo. Ya kesho hakuiona. Kesho alipoingiza mkono, ikawepo.

Na uongozi ni hivyo hivyo. Eliya hakupewa ratiba ya miaka mitatu na nusu. Aliambiwa nenda Kerithi. Kisha nenda Sarepta. Kisha nenda kwa Ahabu. Zaburi 119:105 inalifananisha Neno la Mungu na taa ya miguu. Wewe uliyekulia kijijini unaijua koroboi. Haimuliki mpaka nyumba ya jirani. Inamulika pale unapokanyaga, ukikanyaga inamulika pengine, na mwisho unafika.

Wiki moja baada ya usiku ule, fundi seremala aliniita nimbebee mbao. Kesho yake akaniita tena. Akanifundisha kushika randa, baadaye msumeno. Wadogo zangu wakala. Hata sasa ninapohubiri, mikono hii ina sugu za randa, wala sioni haya, maana Bwana wangu naye aliitwa seremala (Marko 6:3).

NITAJUAJE KWAMBA NI MUNGU ANANIONGOZA?

Vijana wengi wananiuliza swali hili. Pima hivi:

(a) Je, linapatana na Neno? Mungu hawezi kukuongoza kuiba, kuzini, kutapeli au kumtupa mtoto wako. Ukisikia sauti inakuambia hivyo, si yake, hata kama imekuja na ndoto.

(b) Je, umeomba na ukatulia? Huko Horebu Eliya aliona upepo, tetemeko na moto, lakini Bwana alisema naye kwa sauti ndogo ya utulivu. Moyo wenye kelele hausikii.

(c) Je, umeuliza waliokomaa? Tafuta mzee mwaminifu, mchungaji, mzazi. Sikio halipiti kichwa.

(d) Je, unafanya kazi iliyo mbele yako? Mjane alikuwa anaokota kuni Mungu alipomkuta. Hakuwa amelala akisubiri.

(e) Je, unauziwa? Hapa fungua macho! Simoni yule mchawi alitaka kununua nguvu za Mungu kwa fedha, na Petro alimkemea vikali (Matendo 8:18-20). Elisha aliletewa zawadi na Naamani baada ya kupona ukoma, akakataa kabisa (2 Wafalme 5:16). Anayekutoza pesa ili akuombee, kimbia.

Tena nikuonye jambo lingine. Ukiwa unatumia dawa za hospitali, za kifua kikuu, ARV, kifafa au kisukari, asikudanganye mtu kwamba imani ni kuziacha. Luka aliyeandika Injili alikuwa tabibu (Wakolosai 4:14). Sisi tunaombea wagonjwa, na Mungu anaponya, lakini kipimo kitasema. Endelea kumeza, endelea kuomba.

MWIZI ALIYELISHA WATOTO ELFU KUMI

Labda unasema hayo ni ya Biblia tu. Basi msikie George Müller. Alizaliwa 1805 katika nchi ambayo leo ni Ujerumani. Alipokuwa kijana alimwibia baba yake mwenyewe. Akiwa na miaka 16 alifungwa jela kwa kulala hotelini na kuondoka bila kulipa. Tena alikuwa anasomea uchungaji huku mlevi!

Mwaka 1825 rafiki yake alimpeleka kwenye kikao cha maombi nyumbani kwa mtu. Aliona watu wamepiga magoti, jambo ambalo hakuwa amelizoea. Usiku ule maisha yake yakageuka. Baadaye alihamia Uingereza, katika mji wa Bristol, na mwaka 1836 akafungua nyumba ya watoto yatima. Aliazimu kutomwomba mtu yeyote fedha. Aliomba kwa Mungu tu, na kila kilichoingia alikiandika kwenye daftari. Kuna siku fedha zilikwisha kabisa, lakini watoto walikula. Mpaka alipofariki 1898, watoto zaidi ya 10,000 walikuwa wametunzwa katika nyumba zile.

Huyo alikuwa mwizi. Na wewe usiseme, "Mimi nimeshaharibika."

UTUNZAJI MKUU KULIKO WOTE

Mkate ni mzuri, lakini utakula na kesho utasikia njaa tena. Shida yetu kubwa ni dhambi, ambayo imetutenga na Baba. Ndiyo maana tunaishi kama yatima wakati Baba yupo.

Mungu alimtoa Mwanawe, Yesu Kristo, akafa msalabani kwa ajili yako, akafufuka siku ya tatu. Paulo anauliza katika Warumi 8:32, kama Mungu hakumzuilia Mwanawe, je, atakunyima haya mengine? Hapo ndipo tunapoegemea. Hatumwamini kwa sababu kijito kimejaa. Tunamwamini kwa sababu ya msalaba.

Yule mjane hakubaki mtu wa nje. Mwishoni mwa sura ile, mstari wa 24, alikiri kwa kinywa chake kwamba neno la Bwana ni kweli. Na wewe unaweza kukiri leo, hapo ulipo, hata kama umekaa juu ya bodaboda.

SALA YA TOBA

Omba kwa moyo wako wote:

"Bwana Yesu, nimejitegemea, nimechoka. Nimetafuta kesho mahali pasipo na kesho. Mimi ni mwenye dhambi, nakiri. Ninaamini ulikufa kwa ajili yangu na ulifufuka. Nisamehe, nioshe, uwe Bwana wangu. Sijui njia iliyo mbele yangu, lakini wewe unaijua. Nishike mkono leo, na kesho unishike tena. Amina."

Kama umeomba sala hii kwa kumaanisha, umeokoka! Sasa fanya haya. Mwambie mtu mmoja leo. Kama una hirizi, itoe. Kama una kitu cha mtu, kirudishe. Tafuta Biblia, uanze na Injili ya Marko. Jiunge na kanisa linalohubiri Neno, ukae hapo ufundishwe. Ukitaka kuombewa, mwone mtumishi aliyekupa karatasi hii, au njoo mbele mwisho wa mkutano. Hakuna malipo.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Ni nani amekuwa "kunguru" katika maisha yako? Umewahi kumshukuru?
2. Ni kijito gani kimekauka kwako, na ulimwambia Mungu nini?
3. Ni hatua gani moja unayoijua tayari kuwa ni sahihi, lakini hujaikanyaga?
4. Ni nani wa karibu nawe aliyebakiwa na konzi ya mwisho? Je, wewe unaweza kuwa kunguru wake?

Ukimaliza kusoma, usifungie karanga. Mpe mwenzako.

Mungu akubariki na kukutunza.